Mawe ya Bulungila

Kadi ya mwaliko ilifika Zahanati ya Bulungila ndani ya mfuko wa mkate, kwa sababu mwenye pikipiki aliyeileta kutoka Kahama aliogopa kuichafua. Ilikuwa na utepe, ilikuwa na maandishi ya rangi ya dhahabu, na kwa jinsi ilivyoandikwa ungedhani Kiswahili kimeshafariki na msiba umeanuliwa: Chariti Dina Gala. Nesi Vumilia aliisoma kwa sauti. Lusia, mhudumu aliyekuwa akisuuza beseni, akauliza hilo ghala ni la mahindi au la mpunga. Vumilia akamweleza kwamba ni chakula cha jioni cha watu wenye uwezo. Wanakula, wanapigiwa muziki, wanafanya mnada, na kinachopatikana wanampa asiyekula. Safari hii asiyekula ni kitanda.

Kitanda chenyewe kilikuwa kimoja tu, cha kujifungulia, cha chuma, kilicholetwa Bulungila baada ya kuchosha wilaya nyingine. Mguu wake mmoja ulikatika miaka mitatu iliyopita. Walijaribu matofali ya kuchoma, yakapasuka. Walijaribu gogo, mchwa wakalipenda. Mwishowe mlinzi, mzee Maganga, alichukua kiroba cha unga, akakijaza mawe meupe yaliyotoka kwenye shimo la choo kipya, akakifunga mdomo kwa waya na kukisukumia pale palipokuwa na mguu. Kiroba kikakubali, kwa kuwa mawe yakiwa ndani ya kiroba hujipanga yenyewe kufuata uzito. Ila mzazi akihangaika sana, nayo huhangaika. Mwezi wa saba mama mmoja aitwaye Salome alisukuma mara ya mwisho na kitanda kikaondoka naye. Vumilia alimdaka mtoto kwa mikono na kitanda kwa goti. Goti lilikuwa linamuuma mpaka leo. Mtoto hakuwa na habari. Tangu siku ile, kila tumbo la Bulungila lilipokaribia kutimia, Vumilia alikuwa anakosa usingizi kabla ya mwenye tumbo, na sasa matumbo ya namna hiyo yalikuwa matatu.

Kwa hiyo Loveness, katibu wa kamati ya ile dina, alipompigia simu na kumwambia kwamba atapewa dakika mbili za kutoa ushuhuda, Vumilia alifanya mazoezi mbele ya Lusia mpaka Lusia akaujua ushuhuda kwa moyo. Loveness aliongeza kwamba aje na kielelezo. Picha hapana; picha za wazazi zimeshawachosha wafadhili, kila kamati ina zake. Aje na kitu chenyewe, kitu cha kushikika.

Vumilia alitafuta zahanati nzima kitu cha kushikika. Kisha akapiga magoti, akamwita mzee Maganga ashikilie kitanda, akakitoa kiroba. Akakiegemeza kitanda kwenye ndoo ya mchanga na kumwagiza Lusia kwamba kama kuna mwenye uchungu, alale chini kwenye mkeka mpaka yeye arudi Jumapili. Mawe yale ameyaazima tu, alisema. Yana kazi Jumatatu.

*

Ukumbi ulikuwa Nyahanga, mjini Kahama, mpya, wenye vioo vingi kiasi kwamba mtu alijiona mara nne kabla hajapata kiti. Viti vilivishwa vitambaa vyeupe na kufungwa vishada nyuma, kama vinakwenda kubatizwa. Jukwaani kulikuwa na bendi kamili: magitaa matatu, ngoma, tarumbeta, na mwimbaji wa koti la kumetameta ambaye kila mlango ulipofunguliwa aliingiza jina la aliyeingia ndani ya wimbo. Aliyeimbwa alilazimika kwenda kumtunza, na kwa hiyo watu wengine walikuwa wakiingia kwa kujificha nyuma ya wenzao.

Vumilia hakuimbwa. Aliingia na kiroba begani, kilo ishirini na kitu, gauni lake la kitenge likiwa na vumbi la unga na la mawe, na mlinzi wa ukumbi akamwelekeza jikoni. Loveness ndiye aliyemwokoa. Alikitazama kiroba, akakitazama tena, akamuuliza taratibu kama hakukuwa na kitu kidogo zaidi. Kisha akaagiza kiwekwe chini ya meza ya vitu vya mnada, nyuma ya kitambaa, mpaka zamu ya ushuhuda ifike.

Zamu haikufika. Mgeni rasmi alitarajiwa saa kumi na mbili, akatokea saa tatu kasoro, na ratiba ikabidi ipunguzwe unene. Haikupunguzwa hotuba yake, wala utambulisho wa wajumbe, wala wimbo wa kumkaribisha, wala wimbo wa kumshukuru kwa kukaribia. Loveness alikuja kuchuchumaa kando ya kiti cha Vumilia, kwenye meza ya mwisho kabisa jirani na spika, akampigia kelele sikioni kwamba ushuhuda wameuondoa, lakini asijali, atatambulishwa, atasimama, atapunga mkono.

"Na kitanda?" Vumilia aliuliza.

"Kitanda kimo kwenye bango, dada yangu."

Ni kweli kilikuwemo. Kwenye bango nyuma ya bendi kulikuwa na picha ya kitanda, cha Ulaya, chenye magurudumu, na mzungu amelala juu yake akicheka.

Wakala. Walikula wali, pilau, ndizi, kuku, samaki, na saladi ya matunda, na Vumilia alipomaliza alipiga hesabu ya haraka kichwani, akajilaumu, akaiacha. Kisha mshereheshaji, kijana mmoja aitwaye Cornel aliyekodiwa kutoka Mwanza, akatangaza mnada.

Kwanza ilinadiwa keki iliyookwa kwa umbo la zahanati, yenye mlango na bendera. Mkandarasi mmoja aliinunua na kumzawadia mgeni rasmi. Mgeni rasmi akaguswa, akairudisha kwa kamati. Kamati ikainadi tena. Akainunua mwenye hoteli, naye akamzawadia mgeni rasmi. Zahanati ile iliuzwa mara nne kwa dakika ishirini na hakuna aliyeimega hata kipande. Ikafuata picha ya simba, ikafuata mbuzi mzima wa kuchoma aliyetiwa majani mdomoni. Mgeni rasmi akaaga, kwa kuwa alikuwa na dina nyingine Shinyanga, na Loveness na kamati yote wakatoka kumsindikiza kwenye gari, keki ikiwatangulia.

Muda huo wote kulikuwa na meza moja iliyokuwa kimya. Ilikuwa meza ya wanunuzi wa mawe. Hawa ni watu ambao hutawakuta kwenye mgodi mkubwa wenye geti na mlinzi. Wao hukaa huku kwa wachimbaji wadogo, kwenye madua­ra yanayochimbwa kwa sururu na kamba, na kazi yao ni kununua viroba vya mawe kabla havijasagwa. Wananunua gizani. Ndani ya kiroba kunaweza kuwa na nyumba ya ghorofa, kunaweza kuwa na kokoto. Mkubwa wao alikuwa Mihayo, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye shingo nene na kofia ya Kisukuma ya ukili aliyokataa kuivua mlangoni. Alisifika kwamba akilamba jiwe anajua limelala urefu gani ardhini. Mkabala naye alikaa Abel, mwembamba, mdogo kwa umri, aliyenunua mwaka jana viroba sita ambavyo Mihayo alivilamba na kuvikataa, akajenga navyo nyumba yenye geti la umeme huko Ngokolo, Shinyanga. Tangu hapo hawakuwa wakisalimiana isipokuwa msibani. Walikuwa wamechangia kidogo kwenye keki, kwa heshima, kisha wakakunja mikono.

Cornel alikuwa amebakiza nafasi kwenye ratiba na hana kitu cha kunadi. Akainama, akafunua kitambaa cha meza, akakivuta kiroba kwenye mwanga. Aliangalia kama kina karatasi ya maelezo. Hakina. Wa kumuuliza wote walikuwa nje wanapunga mkono.

"Nani ameleta mawe?" akauliza kwenye kipaza sauti.

Vumilia akasimama. Alidhani zamu yake imerudi. "Ni mimi," alisema. "Mawe ya Bulungila."

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu kila kitu kiliharibika kwa neno hili moja. Kwa mwalimu, kwa fundi ujenzi, kwa nesi, mawe ni mawe. Lakini kuanzia Kahama kwenda Geita, mtu akikuambia amepata mawe humuulizi atajenga nini. Unamvuta pembeni. Mawe ni miamba yenye dhahabu, na mwenye mawe halitamki neno hilo kwa sauti kubwa mbele za watu ila awe amelewa au ana mengi mno. Mwanamke huyu hakuwa amelewa.

Ile meza ya kimya ikakunjua mikono.

"Ya Bulungila sehemu gani, mayu?" Mihayo aliuliza bila kusimama, akimwita mama kwa Kisukuma. Aliuliza kivivu, kama mtu anayeuliza saa.

"Pale pale zahanati."

"Kumbe. Na unauza bei gani?"

"Hayauzwi," Vumilia akasema. "Nimeyaleta yaonekane tu, kesho narudi nayo. Ni mawe tu, baba."

Angekuwa ameajiri watu wa matangazo kutoka Dar es Salaam, wakakesha mwezi mzima, wasingemtungia maneno mazuri kuliko hayo. Katika biashara ile kila mnunuzi anayetaka kununua kwa bei ya kutupa husema ni mawe tu, na kila mchimbaji anayetaka kuficha husema ni mawe tu, na hajawahi kuonekana mtu aliyesema hivyo akiwa na mawe tu. Abel alishafika mbele. Mihayo naye akainuka, akamsukuma Abel kwa tumbo kana kwamba ni bahati mbaya, akakata waya wa kiroba kwa kisu cha nyama ya mbuzi.

Yalikuwa mawe meupe, na juu ya weupe wake yalikuwa na mabaka mekundu ya kutu, na michirizi ya hudhurungi iliyoingia kwenye nyufa. Mihayo aliwasha tochi ya simu, akageuza jiwe moja huku na huku. Wote wawili wanajua kutu ya namna hiyo huwa inaambatana na nini. Vumilia pia alijua kutu ile inaambatana na nini. Inaambatana na mguu wa kitanda. Na ile michirizi ya hudhurungi alijua inaambatana na nini, maana kila baada ya mzazi alikuwa anayamwagia maji yenye dawa na kuyasugua kupitia kwenye matundu ya kiroba, lakini nyufa ni nyufa.

Mihayo akalipeleka jiwe mdomoni.

Vumilia alitoka kule kwenye spika akikimbia na goti lake bovu. "Baba, usilambe," alisema. "Nakuomba usilambe."

Mihayo alimtazama kwa huruma ya mtu aliyemgundua mwenzake. Akalamba. Akalamba na upande wa pili. Akafumba macho, akayapa mate nafasi, na ukumbi mzima, hata bendi, ukasubiri ulimi wake.

"Yana chumvi," akasema. "Na chuma kwa mbali."

Akaanza na milioni moja. Abel akaruka hadi mbili. Cornel, ambaye jioni nzima alikuwa akiwabembeleza watu kwa elfu hamsini hamsini, alikuwa amepoteza sauti ya ucheshi na kubaki anarudia tarakimu kama anayesomewa hukumu. Abel alimwambia Mihayo aangalie asije akalamba mpaka yakaisha, na wenzake wakacheka. Mihayo akajibu kwamba geti la umeme linahitaji umeme, je, wameshamrudishia? Milioni tatu. Nne. Bendi ikaanza taratibu, na mwimbaji akaliingiza jina la Mihayo kwenye kiitikio, akamwita simba wa Nyahanga, akamwita baba wa mawe, na kila alipoimbwa ilikuwa haiwezekani tena kukaa chini kwa bei ile.

Hapo Vumilia alifanya alichopaswa kufanya mwanzo. Alimpokonya Cornel kipaza sauti. Aliusema ushuhuda wake wote, ule wa dakika mbili, kwa nusu dakika: kwamba yeye ni mkunga, kwamba kitanda cha kujifungulia cha Bulungila kimevunjika mguu, kwamba kiroba hiki ndicho mguu, kwamba mawe haya yanakaa chini ya kitanda, hayana kitu, hayajawahi kuwa na kitu, yametoka kwenye shimo la choo, na kwamba Jumatatu anayahitaji.

Ukumbi ulikuwa kimya. Akadhani wamemwelewa.

"Mmemsikia," Mihayo akasema polepole, akiwageukia wenzake. "Chini ya kitanda."

Maana kila mtu pale alimfahamu mtu, au alikuwa na shemeji, aliyeanza kuchimba ndani ya chumba chake mwenyewe usiku, akafunika shimo kwa kitanda mchana ili majirani wasijue. Ni maficho ya zamani. Lakini kuchimba ndani ya chumba cha kuzalia, ambamo hakuna mwanamume anayethubutu kuingia, wala mkaguzi, wala mwizi; hiyo ilikuwa akili ambayo hakuna aliyewahi kuifikia. Meza nzima ilimtazama Vumilia kwa heshima. Abel alisema milioni saba. Mihayo akasema tisa, akaegemea meza, na Abel, baada ya kuangalia sakafu kitambo, akakaa.

Ilikuwa ahadi, bila shaka. Mihayo alieleza kwamba atalipa kwa desturi ya mawe, yaani baada ya kusaga, na Cornel alipigisha makofi kana kwamba fedha zimeshatua. Loveness alirudi kutoka kwenye magari akakuta amekuwa katibu wa dina iliyofanikiwa kuliko zote mkoani. Hakuuliza imefanikiwa vipi. Vumilia alijaribu kumweleza. Loveness alimkumbatia, akalia kidogo, akamkabidhi zawadi ambayo kamati iliwaandalia wadau wote: ngao ya marumaru nyeusi, nzito, iliyochongwa maneno Kwa Kutambua Mchango Wako.

Vumilia alirudi Bulungila Jumapili jioni akiwa na ngao, bila mawe. Mzee Maganga alimuuliza kiroba kiko wapi. Akasema kimenunuliwa kwa milioni tisa. Mzee Maganga akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

*

Siku ya Jumatano asubuhi gari la Mihayo liliingia kwenye uwanja wa zahanati na vijana wawili wa sururu nyuma. Kiroba kilikuwemo, kimepungua. Mihayo alikuwa ameshapeleka kilo tano kwenye karasha, kile kinu cha kusagia mawe, akaosha unga wake mwenyewe kwenye karai mara tatu, na hakikubaki hata kinachoweza kulidanganya jicho la mlevi. Mtu mwingine angeelewa. Lakini Mihayo alishakosea mara moja kwa viroba vya Abel kwa sababu ya kukata tamaa mapema, na alichoelewa yeye ni kwamba mkunga huyu ni mjanja zaidi ya alivyodhani. Mawe ya juu aliyaleta mjini kupima watu. Ya kweli bado yako shimoni.

Walisalimiana vizuri. Vumilia alimpa shikamoo yake, akaipokea. Kisha akaomba kuonyeshwa chini ya kitanda.

"Utaona," Vumilia akasema, "ila subiri. Kuna mtu juu yake."

Mihayo akasubiri. Alikaa kwenye benchi kati ya wajawazito wawili, kofia mapajani, na vijana wake wakalala kwenye kivuli cha gari. Saa nne ikapita. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mwanamke akimlaani mume wake kwa Kisukuma, kwa jina na kwa ukoo, laana ndefu yenye mpangilio. Mihayo, ambaye alikuwa na watoto tisa na hakuwahi kufika karibu na mlango wa namna hii, akawa anatazama vidole vya miguu yake. Ilisikika na sauti ya Vumilia, haipandi wala haishuki. Kikasikika chuma kikilia. Kisha kukawa kimya, na baada ya kimya kitoto kikalalamika.

Lusia ndiye aliyekuja kumwita, baada ya mzazi kuhamishiwa chumba cha pili. Mihayo aliingia akiwa amenyata. Sakafu ilikuwa bado haijaoshwa. Alikiona kitanda kimesimama kwa miguu mitatu, kama mtu mwenye nyonga mbovu. Alipiga magoti, akainua tochi, akatazama pale palipokuwa na mguu. Sakafu ya saruji, nzima, haijawahi kuchimbwa. Juu yake, chini ya chuma chenye kutu, ilikuwepo ngao ya marumaru. Ilikuwa imetosha kana kwamba fundi alikuja kupima. Maneno Kwa Kutambua Mchango Wako yalikuwa yamefunikwa nusu, na kilichoyafunika kilikuwa bado kibichi.

Mihayo alikaa chini vilevile alivyokuwa. Alitazama sakafu, akatazama ngao, akatazama kitanda kutoka juu mpaka chini kama mtu anayefuatilia njia ya maji. Kisha mkono wake ukapanda taratibu mpaka mdomoni.

"Nesi," akasema. "Yale mawe yalikaa hapa muda gani?"

"Miaka miwili."

"Na mimi nililamba."

"Nilikuomba usilambe."

Nje kijana wake mmoja alikuwa anapiga miluzi wimbo wa bendi, ule wenye baba wa mawe.

"Nilikuwa nayaosha kwa jiki," Vumilia akamwambia, kwa wema kabisa. "Kila mara. Labda ndiyo chumvi."

Mihayo aliomba maji, akaenda nje kusukutua, akarudi akiwa ameshapanga maneno. Hakuwa mtu mbaya. Alichosema ni kwamba ana jina. Kutoka Kahama mpaka Geita mtu akiletewa mawe yenye utata husema tumpelekee Mihayo alambe, na jina hilo ndilo linalosomesha watoto. Abel akijua, hata nusu yake tu, yeye Mihayo hataweza tena kupita sokoni; watoto wadogo watamtolea ndimi. Kwa hiyo aliomba jambo moja. Vumilia asiseme.

Vumilia alikaa kwenye kigoda chake. Aliwaza kwamba Jumamosi alisema ukweli mara nne, mara ya mwisho kwa kipaza sauti, na hakuna aliyeutaka bure. Leo kuna mtu anataka kuununua usisemwe.

"Kitanda," akasema. "Kipya. Chenye miguu minne yake mwenyewe."

"Nilishaahidi tisa kwa kamati."

"Kamati ikinunua kitanda, baba, itafanya kwanza dina ya kukipokea. Nina matumbo mawili yanayosubiri."

Mihayo akafikiri, akakubali. Kitanda kilikuwa bei ndogo kuliko ahadi, na kuliko jina kwa mbali. Aliongeza godoro bila kuombwa. Kabla ya kuondoka aliwaamuru vijana wakishushe kiroba, kwani hakutaka kilale kwenye gari lake usiku mwingine, na hakumpa Vumilia mkono wa kuaga kwa sababu, alisema, bado una mafuta ya gari.

Kitanda kilifika wiki ile ile, kikiwa na karatasi za nailoni. Kamati iliandikiwa barua kwamba ahadi imetekelezwa kwa vifaa, ikafurahi, ikaitia kwenye taarifa yake pamoja na picha ya yule mzungu. Matumbo mawili yalijifungulia juu ya miguu minne. Mmoja wa watoto akaitwa Blessing na mwingine Bhoke, na goti la Vumilia likapata likizo. Ngao aliisugua, akaisimamisha dirishani. Kiroba akakiweka mlangoni mwa chumba cha wazazi kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Lakini mjini hadithi ilikuwa imeondoka bila kungoja mtu. Mihayo, alipoulizwa mawe yale yalitoa nini, alikohoa tu na kubadilisha mazungumzo, na hilo ndilo jibu la mtu aliyepata. Abel alihesabu, akaona kwamba mtu hawezi kupeleka kitanda kipya kijijini bila sababu. Wakaanza kuja, mmoja mmoja, wengine wakijifanya wanaumwa kichwa. Walipimwa malaria, wakatazama sakafu, wakauliza kwa sauti ya chini kama mayu hana tena yale mawe.

Vumilia aliishika ahadi yake bila kuongeza uongo hata wa punje. "Yalikuwa mawe tu," aliwaambia wote, na wote wakatabasamu, wakamwachia namba za simu.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi moja, alikuta mlango wa chumba cha wazazi unajipigiza. Kitanda kipya kilikuwepo na godoro lake. Mizani ilikuwepo, dawa zilikuwepo, hata ngao. Kilichokosekana ni kiroba. Utaratibu ni utaratibu, hivyo alikwenda kutoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee mtulivu aliyekuwa akikamua ng'ombe wake asubuhi hiyo. Mwenyekiti alimuuliza wezi wamechukua nini.

"Mawe," Vumilia akasema.

Mzee akaacha kukamua. Alisimama, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Pole sana, Nesi," akasema. "Yote?"